Kutafuta Sifuri

Aprili. Barafu ya ziwa Kaarna
imeachia ufuko shingo upande,
na mimi nimo bandani, mlango nimeufunga,
kitambaa cheusi mezani, taa nimeizima.
Chupa tatu: sifuri, ishirini, mia mbili.

Sifuri ni maji yaliyochujwa hadi yakaishiwa habari.
Hayana la kusema, ndiyo maana nayaamini.
Mia mbili ni nyeupe kama uji wa mgonjwa,
imechanganywa maabara huko Tartu,
ina tarehe yake ya kufa.

Kihisi kimelala chini ya barafu miezi mitano.
Jicho lake limeota utelezi;
nalifuta kwa pamba, polepole,
kama unavyomfuta mtoto tongotongo
kabla hajaamka vizuri.
Nakizamisha ndani ya sifuri.
Tatu nukta saba, kinasema.
Mwongo.
Nagonga chupa kwa ukucha:
kipovu kilichong'ang'ania kioo kinajibandua, kinapanda.
Sifuri nukta nne. Nasubiri.
Nusu ya kazi hii ni kusubiri,
nusu nyingine ni kutoamini upesi.

Heldur Pihlak anabisha hodi kwa kiwiko,
mikono imejaa madaftari.
Alikuwa akinoa misumeno kiwandani.
Kila Jumamosi, majira ya joto thelathini na moja,
amepiga makasia hadi boya la tatu
akashusha sahani nyeupe kwa kamba ya mafundo,
ikazama katika maji haya yenye rangi ya maji ya kunde,
ikafifia, ikapotea,
naye akahesabu mafundo, akaandika.

Mita mbili na nusu. Mbili na robo. Mbili.
Moja na robo tatu.
Ziwa linafunga giza, tuliandika ripotini.
Tulitaja mitaro iliyokausha vinamasi,
tulitaja misitu iliyofyekwa,
na mkutanoni, mbele ya watu,
tulimtaja Ülo Saarmets na nguruwe wake mia nne.
Ülo aliikunja kofia yake, akatoka.
Hajanisalimu tangu siku ile.

Kisha, Septemba iliyopita, daktari alimtoa Heldur
mtoto wa jicho, kulia, halafu kushoto.
Jumamosi iliyofuata: mbili na nusu kasoro kidogo.
Aliandika "ziwa limepona",
akayakata maneno kwa rula.

"Hicho unakifuta kila mwezi," ananiambia,
kidevu akikielekeza kwenye kihisi.
"Mimi nani alikuwa akinifuta?"

Sina chupa ya sifuri kwa ajili ya mtu.
Husemwa macho hayana pazia;
yake yalikuwa nalo, likishuka uzi kwa uzi,
na mwenye nyumba akadhani nje kunakuchwa.

Tunaingia mashuani.
Kihisi upande huu, sahani upande ule.
Vipande vya barafu vinagonga ubavuni
kama vijiko ndani ya droo.
Kamba inashuka. Mimi nasema: imepotea.
Yeye, miaka sabini na tisa, ameinama bado.
"Naiona."
Fundo moja. Anaiona. La pili.
"Basi. Sasa imekwenda."

Namtazama. Anageukia boya, kwa adabu.
Miaka yangu arobaini na sita,
miwani niliyoiahirisha tangu Krismasi.

Daftarini tunaandika namba tatu, wino mmoja,
na pembeni jina la aliyeiona kila moja.
Kihisi hakina jina;
tunakiandikia tarehe ya kufutwa.

Tukirudi, sielekezi mashua bandani.
Ng'ambo, moshi unatoka kwa Ülo.
"Atatufungulia?" nauliza.
Heldur ameyafunika madaftari kwa koti lake
yasilowe.
"Piga kasia," anasema.