Ya Kwanza Haipo

Gia ya kwanza ilivunjika meno
kabla sijaletwa katika nyumba hii.
Fundi Magombe alilifungua sanduku,
akatoa vipande vitatu vya chuma,
akavifunga kwenye gazeti, akasema
spea yake labda Kampala, labda kwa Mungu.
Woniala akaviweka dirishani,
kando ya picha ya marehemu mkewe.

Basi somo langu la kwanza likawa la pili.
"Kanyaga klachi mpaka chini.
Usiitafute ya kwanza, hutaikuta.
Vuta nyuma moja kwa moja."
Mkono wangu ulikwenda mbele hata hivyo,
ukakuta pamelegea, patupu,
kama kiti ambacho hakijakaliwa tangu matanga.

Pikapu likaruka mruko wa mbuzi
aliyesahau kwamba amefungwa.
Likazima.
Mara saba. Najua ni saba
kwa sababu vijana wa bodaboda wa Budadiri
walinihesabia kwa sauti,
na ya saba wakaipigia makofi.

"Mwenye ya kwanza huondoka tu," alisema Woniala.
"Sisi tunaoanza na ya pili tunabembeleza.
Mafuta kidogo. Ongeza kidogo.
Mguu wa kushoto uinue
kama unatoka chumbani kwa mtoto aliyelala.
Utafika mahali klachi inashika,
gari zima litatetemeka, boneti itainua shingo.
Hapo ndipo wengi huachia.
Wewe kaa hapo hapo.
Liache litetemeke."

Kitu kilinuka, kama nywele kwenye moto.
"Ni klachi," akasema. "Kila tukiondoka inaliwa kidogo."
Akatazama nje. "Ndiyo nauli yetu."

Siku ya kuletwa, shangazi zangu walinipa
mikeka miwili, sufuria, chungu,
na maneno mengi juu ya malewa na karanga.
Hakuna aliyeniambia: utakuta nyumba imesimama tuli,
na wewe, uliyeumbwa kwa barabara inayokwenda tayari,
ndiwe utakayeingizwa.

Khainza alikuwa na miaka minane.
Alikula ugali wangu akiutazama ukuta,
mboga akampa paka.
Nikakanyaga mafuta: gauni jipya, mandazi, hadithi.
Nikazima.
Nikawasha.
Mwezi mzima nilinuka klachi.

Kisha ikaja mvua ya Aprili, na Woniala yuko kitandani,
homa imemshika magoti,
na magunia kumi na moja ya vitunguu
hayajui habari za homa.
Nikaendesha mimi. Khainza akaja na jiwe
la kuzuia gurudumu; hiyo ilikuwa kazi yake
tangu enzi za mama yake.

Kwenye kilima kabla ya daraja
udongo mwekundu ulikuwa umegeuka uji.
Gari la mwalimu Wakhata, lenye gia zote nne,
lilikuwa limekwama katika ya kwanza,
likinguruma, likijichimbia kaburi kwa bidii.
Nikasimama nyuma yake, sikuwa na hila.
Khainza akaruka chini, akaweka jiwe, akangoja mvuani,
miguu mitupu, kanga ya mama yake kichwani.

Klachi. Nyuma moja kwa moja.
Mafuta kidogo.
Tope halipendi nguvu, nililihisi hilo
kwenye kifundo cha mguu kabla ya kulijua.
Pikapu likatetemeka. Vitunguu vikatetemeka.
Likashika.
Nikakaa pale pale, meno yangu yakigongana,
na magurudumu hayakuteleza. Yalitambaa,
yakampita mwalimu mlangoni kwake
polepole hata tukasalimiana.

Nyuma yangu jiwe likaanguka kwenye karo,
kisha nyayo, chwa chwa chwa, mtoto anakimbia
kando ya dirisha langu, mkono kwenye mlango,
anapiga kelele: "Usilizime! Wewe! Usilizime!"

Wewe, alisema.
Sikugeuka. Sikupunguza.
Nilimfungulia mlango likiwa linakwenda,
akarukia ndani na tope lake lote.