Kipimo cha Mkono

Mwanangu Aikande yuko Tromso.
Kijana wa duka la simu hapa Kiboriloni
amenitafutia, wala hakutaka hela:
kutoka KIA, kwa mstari ulionyooka,
kilomita elfu nane mia mbili na arobaini.
Ndege ingekwenda moja kwa moja, saa kumi hazifiki.
Lakini haiendi moja kwa moja, mama, akasema,
unashuka Adis, unashuka Oslo, unasinzia kwenye kiti,
saa ishirini na nne, zikienda vizuri.

Mimi ni fundi cherehani.
Namba nisiyoishika kwa vidole siiamini.
Nikalishusha tufe la marehemu, mwalimu Ndekirwa,
lililobonyea Pasifiki
tangu darasa la sita walipolipiga danadana.
Nikaubana uzi mweusi Moshi kwa ukucha,
nikauvuta ukapita Sudani, ukapita Misri,
ukapanda hadi rangi zinakofifia.
Tromso yenyewe haikuandikwa. Nikakisia.
Nikaulaza uzi kwenye futikamba:
sentimita kumi na tisa na vidoti vinne.

Nikacheka peke yangu.
Kumi na tisa ni mkono wa koti
la mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Na mtoto yupo. Eliaichi, jina la mama yangu.
Nilimwona kwenye simu, akaganda mdomo wazi
mtandao ulipokatika.

Aikande anasema mwezi huu jua halitoki kabisa.
Nikamuuliza, sasa saa moja mnaianzia wapi?
Kwetu saa moja jua limeshagusa bati la jirani,
maziwa yameshaletwa, yanachemka.
Huko saa sita mchana na saa sita usiku
zimeshonewa sare.
Akanyamaza kidogo.
Mama, sisi tunaangalia tu simu.

Kitambaa nimekipata mnadani,
koti zito la mtumba, sufu ya kijivu.
Mfukoni mlikuwa na tiketi ya basi ya watu wengine
yenye herufi o iliyochomwa sindano katikati.
Aikande akaniambia, hiyo ni ya huku huku.
Basi lilikuja lenyewe, bila viza, bila kuulizwa unarudi lini.
Nami nalikata dogo, nalirudisha.

Mafie wa posta anasema wiki sita, labda nane.
Nauli yangu mimi hata sijaanza kuihesabu;
nina sare za shule ishirini na moja hazijalipiwa.
Kwa hiyo mkono nimeukata ishirini na tatu,
nne nikazikunja kwa ndani
na kuzishika kwa mishono mirefu, ya kufumuka upesi.
Atakuwa anafumua mama yake, kidogo kidogo.
Zikiisha zote kabla sijafika,
nitajua nimechelewa kwa kiasi gani.

Uzi ni ule ule mweusi.
Kwenye sufu ya kijivu unaonekana. Uonekane.