Wiki ya Saba

Agosti, Marquette, na ziwa bado lina vuguvugu la kudanganya.
Nimetandaza kalenda juu ya meza ya jikoni,
nimeibana kwa kidau cha chumvi na kikombe cha kahawa iliyopoa.
Siku mia moja sabini na nne.
Toa saba za theluji, kama baridi itakuwa na huruma.
Toa tarehe kumi na tano Novemba,
msimu wa kulungu unapofunguliwa
na hata mwalimu mkuu yumo msituni na bunduki.
Toa picha za darasa,
toa ile Ijumaa ambayo kila mwaka bomba la joto hupasuka.
Kilichobaki ndicho changu:
kalkulasi ya daraja la juu, wanafunzi kumi na mmoja,
kipindi cha kwanza, nje bado giza.

Halvorsen, aliyestaafu, aliniachia faili lake.
Vikomo wiki mbili, kisha kunyambua,
na kuanzia hapo ni kunyambua tu,
kanuni juu ya kanuni, kama mtu anayemenya viazi vya jeshi.
Pembeni kwa wino mwekundu:
Usithibitishe. Mtihani ni Mei.

Mwaka juzi nilimtii.
Ndipo Odile Beaudry akanyoosha mkono,
plasta kwenye kidole gumba:
“Umegawanya kwa h. Halafu umesema h ni sifuri.
Sasa ilikuwa nini ulipogawanya?”
Nikatazama saa ya ukutani.
Nikasema, utajifunza chuo kikuu.

Hakwenda chuo kikuu.
Anapima mbao katika duka la Ranta.
Nikienda kununua misumari ananihudumia kwa adabu,
anakata ubao palepale penye alama,
hauzidi unywele, haupungui unywele.
Hajaniuliza tena kitu.

Basi nachonga penseli.
Nitaanza na neno moja tu, karibu.
Karibu, nitawaambia mlangoni, wakikung’uta viatu,
na karibu, nitaandika ubaoni,
ila hii ya pili haina kiti wala chai.
Hii ni ya kusogea na kutofika.
Karibu kiasi gani? Taja wewe.
Unywele? Nusu ya unywele?
Taja epsiloni yako, ndogo upendavyo,
nami nitakutafutia delta ya kuitosha,
tuvutane bei kama wauza magari wa Barabara ya 41,
ushushe, nishushe,
hadi uone kwamba huwezi kunishinda,
na uniambie kwa nini.

Arvid Pelkie ataipenda, anapenda ubishi.
Thurza Niemi atalia wiki nzima, kisha atawapita wote.
Watatu watahamia takwimu kabla ya Krismasi
na mmoja wao atakuwa yule niliyemtegemea.

Februari nitawapeleka kwenye barafu na toboo na rula.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini haba yenyewe iwe nyembamba vipi
ndipo eneo chini ya mstari uliopinda likubali kuitwa namba?
Hilo sijalipangia siku.
Nitaiba mbili kutoka kwa kanuni za Halvorsen,
nipoteze alama kadhaa Mei,
nisomewe barua ya bodi Juni.

Imefika saa sita usiku.
Wiki ya saba nimeiandika, nimeifuta,
nimeiandika: h si sifuri. h haijawahi kuwa sifuri.
Nimefuta tena, kwa kuwa hilo ni jibu
na mimi nilitaka kuanza na swali,
na karatasi imechoka, imetoboka,
kitundu cha kupitisha ncha ya penseli.
Nikikiinua kwenye taa, mwanga unapita.

Nimekiacha.
Kesho naenda kwa Ranta.
Misumari ninayo ya kutosha.