Ratili

Mimi ni mfunga nyuzi. Mengine waulizeni wanaojua.
Duka langu liko Purwokerto, nyuma ya kituo cha treni,
na alipoingia mara ya kwanza pua yake haikufika mezani.
Raketi ya kaka yake, mpini umezungushiwa kipande cha taulo.
Ratili ngapi? nikamuuliza.
Akatazama viatu vyake: Zinazotosha.
Nikamkazia kumi na nane, basi. Mtoto hafungiwi uzi mkali;
uzi mkali hula bega kabla bega halijakomaa.

Mama yake alibandika manyoya ya bata bukini kiwandani,
kumi na sita kwenye kila kizibo,
yote ya bawa moja, la kushoto au la kulia, hayachanganywi,
ama sivyo kinyoya hukataa kuzunguka.
Alilipwa kwa dazeni. Gundi ilimla alama za vidole.
Vile vilivyokataliwa, vyenye kuyumba, vyenye kilema,
alivibeba nyumbani kwenye mfuko wa sukari,
na binti akavipiga hadi usiku juu ya kamba ya kuanikia nguo.
Ndiyo maana (haya ni maneno yangu, si ya kocha)
vinyoya vizima vilimtii bila kuulizwa.

Ishirini na mbili, walipomchukua bwenini Jakarta.
Ishirini na tano, alipoanza kuandikwa magazetini
kwa majina mawili, Sekar Pinasti, kama mtu mzima.
Hakuwa mrefu. Hakuwa na nguvu za kutisha.
Mkono ulipaa kana kwamba anapasua nazi,
mwenzake akarudi nyuma, akajiweka tayari kwa kishindo,
na kinyoya kikapita juu ya wavu
kama mdaiwa apitaye mlango wa uani.

Ishirini na nane. Mwaka huo nilifuatana naye.
Watu huniuliza nimeona nini Ulaya. Nimeona mashine yangu
chini ya ngazi za kumbi, na theluji mara moja,
kupitia dirisha la choo.
Nikaona pia hili: wachezao wawili wawili
hugombana, hununiana, kisha hula sahani moja.
Yeye alikula wali wake akitazama ukuta.
Wa peke yake hana wa kumsukumia lawama,
hana hata wa kugongana naye viganja.

Odense, fainali, seti ya tatu, kumi na tisa kwa ishirini.
Kinyoya kilipigwa juu sana, kikapotea kwenye taa, kikarudi.
Akakitazama. Akakiacha.
Kikatua
mstarini.
Usiku ule kwenye basi akauliza: Ulikiona?
Nikasema nilikuwa nimeinamia nyuzi.

Baada ya hapo namba zilishuka zenyewe.
Ishirini na sita, bega. Ishirini na nne, sindano ya bega.
Raundi za mchujo saa mbili asubuhi, viti vitupu,
mwamuzi anayepiga miayo, zawadi isiyofika nauli.
Wasichana aliowahi kuwasainia fulana wakamtoa kwa adabu,
wakainama, wakamshika mkono kwa mikono miwili.
Hakutangaza kustaafu. Aliacha tu kuleta raketi.

Sasa hufundisha watoto kwenye ukumbi wa kata,
huwatuma kwangu na karatasi:
Kumi na nane. Hata akilia anataka zaidi.

Juma lililopita alikuja mwenyewe, mvua ikinyesha,
akakaa juu ya kreti la soda, akanisubiri nimalize fundo.
Kile cha Odense, akasema, kilikuwa ndani.
Ndani, nikasema. Kwa upana wa unyoya.
Akacheka, au akakohoa, sikusikia vizuri;
mashine ilikuwa ikikaza.