Futi Nne, Upande wa Pili

Upande wa kwanza mnaujua,
ule wimbo wa ahadi na pete uliopigwa kila harusi
mpaka sindano ikachoka.
Geuza santuri.
Hapo Kutu, bendi ya vijana wa Keko
wenye nywele za kuwatisha bibi zao,
walipiga dakika nne na nusu za makelele
wakaziita "Futi Nne".

Watu wamesema mengi.
Kwamba ni upana wa jukwaa, kule ukumbini Chang'ombe.
Kwamba Sixtus, mpiga gita, alimpenda mke wa mtu
na huo ndio umbali aliowekewa na mwenye mke.
Mwingine aliapa ni siasa.
Hapana. Kilikuwa kipimo.
Kilikuwa kipimo changu.

Mwaka ule sukari ina foleni, sabuni ina foleni,
surua haikupanga foleni na mtu.
Nina miaka saba, Muhimbili, wodi ya watoto,
kitanda kimoja watatu, tumelala mzungu wa nne.
Daktari akamwambia baba: Jiandae.
Na baba yangu Kasiani, mtu wa Ndanda, karani wa ghala,
neno la mkubwa hulitekeleza siku hiyohiyo.
Alikwenda kwa miguu mpaka Keko,
akamwonyesha fundi Selembe kwa kiganja, kifuani pake, hapa.
"Futi nne. Ana miguu mirefu, usimbane."
Akaacha nusu ya bei.

Siku ya tatu niliomba uji.
Siku ya nne niliomba uji wa sukari,
nikagomba kwamba hauna.

Baba akarudi karakana. Sanduku limeshapigwa msasa,
linangoja vanishi. Hakuweza kusema;
alicheka kama anayekohoa, akashika ukuta.
Selembe akamrudishia pesa.
"Hizo haziingii kwangu. Nunueni chochote chenye kelele."

Mwinshehe alikuwapo,
mchana anapiga randa, usiku anapiga besi.
Alikuwa na spika mbili za sinema iliyofungwa
na hana mbao.
Akakata matundu mawili ya duara:
moja penye kifua changu,
moja penye magoti.

Msumari mmoja haukuzama.
Besi ikishuka chini kabisa unalia, zzz,
nzi ndani ya kopo.
Fundi mitambo wa studio alikuja na koleo aung'oe.
Sixtus akamzuia: "Mwache. Huyo ndiye mwimbaji."
Ndiyo maana maneno hayaji mpaka dakika ya tatu,
na yakija ni neno moja tu,
usimbane, usimbane,
hadi mwisho.

Haya nimeyajua nina watoto wawili
na duka la mabomba Gerezani.
Mzee mmoja alinunua koki ya nusu inchi,
akasoma stakabadhi: Eutropia Kasiani.
Akavua miwani. Akanipima
toka utosini hadi kandambili, kwa jicho la seremala.
"Umerefuka," akasema.

Koki sikumtoza.
Wiki iliyofuata akaniletea santuri, imemeguka ukingoni.
Baba hakuisikia; alikufa akidhani zile mbao zilikuwa kuni.
Nami sina mashine ya kuipigia.
Wateja wakipungua naiinua kwenye mwanga wa mlango,
napitisha kidole taratibu,
nautafuta ule mfereji
wenye msumari.