Tathmini ya Vaselini

Nianze na boksi. Kona moja imebonyea,
hiyo ni kazi ya Posta, simlaumu mtengenezaji.
Dirisha la nailoni, herufi za dhahabu,
na jina lake la kwenye vyeti: Velistra.
Banda zima la gemu, Buguruni Malapa,
tulimwita Vaselini,
na aliyejitia kulitamka sawasawa
alichekwa mpaka akachukua mia mbili yake
akaenda kuchezea kwingine.

Urefu nimepima kwa futi yangu ya kushonea:
inchi saba na robo, ukihesabu na kishungi.
Viungo ishirini na sita.
Shingo inageuka kama ya mtu aliyesikia jina lake sokoni.
Viwiko safi. Goti la kushoto limelegea;
ukimwacha asimame mwenyewe
anapiga magoti, taratibu,
Vaselini, ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti
labda Luku ikiisha.

Ngozi wamepatia, maji ya kunde.
Kwenye ukosi dhahabu imevuka mpaka kidogo,
kama wanja wa bibi harusi aliyelia.

Sasa joho. Hapa naomba nisikilizwe,
maana ndipo ulipo mkate wangu:
Mtaa wa Kongo, cherehani ya tatu kutoka mlangoni.
Joho ni kitambaa kweli, si plastiki iliyokunjwa.
Pindo limelazwa mara mbili, matundu ya sindano hayaonekani,
na uzi ni mwekundu uliokolea
nusu tu kupita kitambaa.
Aliyefanya hivi, huko aliko,
analipwa kwa kipande kama mimi,
na siku hiyo hakuwa na haraka.
Mkono wako, dada, nimeuona.

Bei: laki mbili na arobaini, ushuru bado.
Mama Tunu mwenye nyumba aliuliza,
"Ana nini ndani?"
Hana kitu.
"Hata betri?"
Hata betri.
Akatikisa kichwa kwa niaba ya ukoo wangu wote.

Kasoro kubwa nimeiweka mwisho.
Kovu halipo.
Vaselini ana kovu, nani asiyejua,
kutoka chini ya jicho la kushoto hadi kwenye taya.
Tulilitungia visa. Kwamba alikatwa na mfalme.
Kwamba alijikata mwenyewe ili asiozwe;
hicho ni changu, nilikuwa na miaka kumi na moja
na dada yangu alikuwa ameshatolewa mahari.
Nikamgeuza kwenye taa ya cherehani:
shavu kama yai lililomenywa.
Nikaandika, wamemharibu.
Nikakata alama tatu.

Usiku, pasi ikipoa,
ikanijia TV ya Msangi, ile yenye chogo,
na siku Hamduni alipopigwa mara ya tisa mfululizo
na msichana,
nami ndiye msichana,
akarusha kufuli.
Kioo hakikupasuka. Kilichubuka tu, mstari mmoja.
Mkicheza, ulipotelea kwenye moshi na damu.
Mkichagua mpiganaji,
ulimkaa shavuni.

Miaka yote ile. Watoto waliotufuata wakalikuta,
wakaapa kwalo.

Basi kiwanda hakikukosea.
Nimewarudishia alama mbili.
Ya tatu nimeibana, sijui kwa nini,
kama chenji unayoona haya kuidai
na haya kuiacha.

Hamduni siku hizi yuko Tunduma, anauza vipuri vya malori.
Nimempiga Vaselini picha kwenye meza ya kukatia,
goti nimeliegemeza kwenye kibweta cha vifungo,
nikamtumia bila maneno.
Dakika haikuisha, akajibu:

Mbona si yeye?