Moyo Uliobaki Mkuyuni

Kitanda nambari tisa, wadi ya wanaume:
mpishi wa meli iliyotelekezwa Kilindini,
Karunadasa, mzaliwa wa Galle.
Moyo wake hupiga kama mlango usiotiwa komeo.

Usiku wa zamu yangu hunipa visa
kwa Kiswahili alichookota gatini:
mwalimu wao, kabla hajawa mwalimu,
alizaliwa mara mia tano na ushei.
Alikuwa sungura, akajitupa motoni
mgeni asilale na njaa.
Nikacheka. Sungura wa kwetu
angemtanguliza fisi.

Alikuwa mfalme, akatoa macho.
Alikuwa ndovu, akainama wamkate pembe.
Alikuwa kima, akapanda mgongoni mwa mamba,
na katikati ya maji akadaiwa moyo.
"Nimeuacha mkuyuni," akasema. "Turudi."

Hapo nikaweka sindano chini.
Kisa hiki nilipewa Kibokoni, nikisukwa nywele,
ila mnyama wa majini alikuwa papa
na kima alikuwa kima tu:
akafika juu, akacheka, tukalala.

"Lakini alidanganya," nikamwambia.
"Huyo mwema wenu."
Akanyamaza hata dripu ikaisha.
"Ndiyo. Ilikuwa mapema bado.
Njia ni ndefu, sista. Kuna kuzaliwa kwa kutoa
na kuna kuzaliwa kwa kushika chako."

Kwangu mimi ni mara moja:
kuja, kufa, na hesabu.
Nilimwambia hivyo. Akasema, basi harakisha.

Daktari alishamruhusu.
Ajenti wa meli hapokei simu.
Bili elfu tisini na nne, na ofisi ya fedha
imemzuia wiki tatu, mzima, kitandani,
akigawa uji wake kwa kijana wa Likoni
aliyeungua miguu.

Alhamisi, saa kumi za usiku,
nilimpa kanzu ya marehemu baba
na ufunguo wa mlango wa dobi.
Daftarini nikaandika: *ametoroka*.
Mkono haukutetemeka. Ulitetemeka baadaye,
nikitia udhu.

Sasa wanaumega mshahara wangu, kidogo kidogo.
Na kila nikitandika nambari tisa hujiuliza
katika kisa chake mimi nilikuwa nani.
Si kima. Si papa, Mungu anisitiri.
Labda mkuyu tu,
umesimama pale ukingoni,
unasingiziwa kuwa na moyo wa mtu
na haukani.